Mshindi wa Mnada Asiyelipa: Mzigo Ghalani, Fedha Hazijafika

Katika mauzo ya mnada, kipindi chenye hatari kubwa zaidi kwa muuzaji si kile cha kupandishiana madau, bali ni kile kinachoanza mshindi anapotangazwa na kumalizika fedha zinapoingia kwenye akaunti. Ndani ya kipindi hicho bei inajulikana, mnunuzi anajulikana, na mara nyingi habari za bei hiyo zimekwisha kuenea kijiji kizima, lakini mali bado haijalipiwa, na mwenye mali hana tena uhuru wa kumuuzia mtu mwingine. Minada ilipohamia mtandaoni, kipindi hiki hakikufupika kama wengi walivyotarajia, kwa sababu kilichorahisishwa ni kutaja dau, ambalo sasa mtu anaweza kulitoa akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Dubai bila kuiona mali wala kuonana na mwenye nayo, wakati kulipa kumebaki kuwa kazi ileile ya kutafuta fedha na kuziachia.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako kakao ya Kyela, Rungwe na Busokelo pamoja na chai ya Rungwe na Mufindi hutegemea soko la mnada, na ambako vijana wa mijini, kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga, wameanzisha minada midogo ya simu zilizotumika, mitumba na mbao kwenye makundi ya WhatsApp. Mkulima mwenye magunia ya kakao na kijana mwenye simu moja ya kuuza hukutana na mnunuzi wa aina ileile, yule aliyeshinda na hajalipa, na kinachowatofautisha ni kinga ambazo kila mmoja wao alijiwekea kabla mnada haujafunguliwa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni wakati ambao mkataba huzaliwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, ambayo misingi yake ilitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inaeleza kwamba mauzo ya mnada hukamilika pale dalali anapotangaza kukamilika kwake kwa kugonga nyundo au kwa namna nyingine iliyozoeleka, na kwamba kabla ya hapo mtoa dau yeyote ana haki ya kuliondoa dau lake. Sheria hiyohiyo inaichukulia kila loti, yaani kila fungu la mali linalonadiwa peke yake, kuwa mkataba unaojitegemea isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mtu aliyeshinda loti 3 na kulipia 1 anastahili kukabidhiwa ile aliyoilipia, na muuzaji hapaswi kuizuia kwa lengo la kumshinikiza alipe zile 2 zilizobaki.

Mtandaoni nyundo haipo. Nafasi yake imechukuliwa na saa ya mfumo inayofunga mnada, au na msimamizi wa kundi anapoandika kwamba mali imeuzwa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeondoa shaka kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa ujumbe wa kielektroniki na kwamba ujumbe huo unaweza kupokewa mahakamani kama ushahidi, ili mradi uhalisia wake uthibitishwe. Hata hivyo, sheria haiwezi kubuni masharti ambayo muuzaji mwenyewe hakuyaandika. Kama tangazo la mnada halikusema ni saa ngapi dau linafungwa, ni ndani ya muda gani mshindi anatakiwa kulipa, na ni nini kitatokea asipolipa, hakimu atalazimika kuuliza ni muda gani unaofaa kwa bidhaa ya namna ile, na jibu la swali hilo hupatikana kwa mabishano marefu ambayo muuzaji mdogo hana nauli ya kuyafuata.

Mtu aliyeuza na bado hajalipwa bei yote huitwa kisheria muuzaji asiyelipwa, na sheria imempa haki kadhaa ambazo watu wengi hawazijui. Haki ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni ya kuendelea kuishikilia mali mpaka bei ilipwe, hata kama umiliki umekwisha kuhamia kwa mnunuzi kwa mujibu wa mkataba. Ya pili ni kuizuia mali ikiwa njiani, mikononi mwa msafirishaji, pale inapobainika kwamba mnunuzi amefilisika. Ya tatu ni kuiuza upya, na ya nne ni kudai fidia ya hasara iliyotokana na mnunuzi kukataa kupokea na kulipia. Haki hizi zimepangana kwa namna inayofundisha jambo: iliyo rahisi kuitumia ndiyo ile ya kwanza, ambayo haihitaji mahakama wala wakili, lakini hutoweka papo hapo mali inapotoka mikononi mwa muuzaji kwa hiari yake. Kuanzia hapo aliyekuwa muuzaji anakuwa mdai wa kawaida, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kakao ya Kyela inaonyesha vizuri jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi. Wilaya hiyo imekaa bondeni, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali pa joto na mvua nyingi, na zao lake hupita hatua kadhaa kabla ya kufika mnadani: mbegu hutolewa kwenye ganda zikiwa bado na utelezi, huvundikwa kwa siku 5 hadi 7 ili zipate harufu na ladha inayotafutwa na watengenezaji wa chokoleti, kisha huanikwa na kugeuzwageuzwa mpaka unyevu wake ushuke kufikia asilimia 7 au 8. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mkulima huufikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi cha ushirika wa mazao, kinachojulikana kwa kifupi kama AMCOS, ambapo hupimwa, huhakikiwa ubora na kuingizwa katika ghala lenye leseni, naye akabaki na stakabadhi, yaani hati inayothibitisha kiasi na ubora wa mali aliyoiweka. Mizigo ya wakulima wengi huunganishwa na kunadiwa kwa pamoja, na katika misimu ya karibuni mauzo ya korosho, ufuta, mbaazi na mazao mengine ya mfumo huo, kakao ikiwemo, yameingizwa katika mtambo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lililozinduliwa mwaka 2015.

Siku ya mnada wakulima hukusanyika kwenye uwanja wa chama, madau yanafunguliwa na kusomwa, jina la kampuni, kilo inazozitaka na bei yake kwa kila kilo, na mwishoni wanaulizwa kama wanairidhia bei. Wakishaitikia, shughuli inayofuata hawaioni. Mshindi hupewa ankara na siku ya mwisho ya kulipa. Fedha hupita benki, makato ya ushirika, ghala na halmashauri huondolewa, na kinachobaki hugawiwa kwa kila mkulima kulingana na kilo zake. Mnunuzi hupata hati ya kutolea mzigo baada tu ya malipo yake kuthibitishwa, na mtunza ghala hana ruhusa ya kufungua mlango bila hati hiyo. Kwa utaratibu huu, haki ya kushikilia mali ambayo sheria ya zamani ilimwachia muuzaji aitetee mwenyewe imekabidhiwa kwa mtu wa tatu mwenye leseni, asiyetishika wala kubembelezeka kirahisi, na hilo ni jambo jema ambalo halisifiwi vya kutosha.

Hata hivyo, mnunuzi anapochelewa au kutoweka, mlango wa ghala uliofungwa haumlishi mkulima. Kakao iliyokauka vizuri hunyonya tena unyevu katika hewa ya Kyela, na unyevu ukipita asilimia 8 ukungu huanza kuota, hivyo mzigo uliopimwa ukiwa wa daraja la juu unaweza kukutwa umeshuka daraja siku utakaponadiwa tena. Gharama za kuhifadhi zinaongezeka kila siku. Mkulima aliyeahidiwa malipo anakopa kwa ajili ya ada ya shule au pembejeo, na anayemkopesha mara nyingi ni mfanyabiashara yuleyule wa mtaani anayetaka kakao mbichi kwa bei ya kutupa, kwa hiyo kila mnunuzi anayeshindwa kulipa mnadani anawarudisha baadhi ya wakulima kwenye soko ambalo ushirika uliundwa ili kuwatoa humo. Hasara hii haionekani katika hesabu za chama chochote, ingawa kwa kaya inayotegemea msimu mmoja ni kubwa kuliko tofauti ya shilingi mia kadhaa kwa kilo ambayo watu hubishania siku ya mnada.

Sababu za mshindi kutolipa hazifanani, na kuzitofautisha ni nusu ya tiba. Wapo wanaochelewa kwa sababu benki haijaachia mkopo au mnunuzi wao wa ng'ambo hajawatumia fedha, na hao wakipewa siku chache hulipa. Wapo waliotaja dau kwa kuvutwa na joto la ushindani, kisha usiku wakapiga hesabu na kugundua kwamba bei waliyoitaja haiwaachii faida. Wengine hukimbia kwa sababu soko limegeuka baada ya mnada, na hapa kakao ni zao la hatari hasa: kwa miaka mingi tani 1 iliuzwa katika soko la New York kwa kati ya dola 2,000 na 3,000 za Marekani, lakini baada ya mavuno duni ya Ghana na Ivory Coast ikavuka dola 10,000 Machi 2024 na dola 12,000 Desemba mwaka huo, kisha katika mwaka 2025 ikaporomoka na kupoteza zaidi ya nusu ya kilele hicho. Bei inapoyumba kiasi hicho, mnunuzi asiyeweka chochote rehani anaweza kutaja dau leo, akasubiri habari za soko la dunia, akalipa zikiwa nzuri na kukaa kimya zikiwa mbaya. Kwa lugha ya biashara, amepewa bure haki ya kuchagua, na anayeigharamia haki hiyo ni mkulima.

Lipo kundi la mwisho ambalo ni la hila tupu. Watu wawili hupatana kwamba mmoja atoe dau dogo na mwenzake atoe dau kubwa mno la kuwakatisha tamaa washindani wengine. Mnada ukifungwa, mwenye dau kubwa anaingia mitini, na muuzaji aliyechanganyikiwa anamwendea aliyeshika nafasi ya pili, ambaye ni mshirika wa yule aliyetoroka, na kumpa mali kwa bei ya chini. Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara nyingi, wa kumpa mali mshindi wa pili, unahitaji tahadhari. Soko la mtandaoni la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, linamruhusu muuzaji kufuta mauzo ikiwa mnunuzi hajalipa ndani ya siku 4 na kumpa fursa mtoa dau aliyefuata, na utaratibu huo unafaa pale madau mawili ya juu yanapokaribiana. Yanapoachana sana, na hasa jambo hilo likijirudia kwa majina yaleyale, njia salama ni kuinadi mali upya mbele ya wote.

Dawa iliyojaribiwa kwa muda mrefu zaidi ni amana, yaani fedha ambayo mtoa dau huiweka kabla au mara tu baada ya kushinda, akijua kwamba ataipoteza asipokamilisha. Katika minada ya nyumba na viwanja inayoendeshwa kwa amri ya mahakama nchini, Sheria ya Mwenendo wa Madai inamtaka mshindi alipe asilimia 25 papo hapo na kiasi kilichobaki ndani ya siku 15, na asipofanya hivyo mali hunadiwa tena na yeye huweza kudaiwa upungufu wowote utakaotokea katika mauzo ya pili. Watanzania waliliona jambo hili wazi mwezi Novemba 2017, wakati nyumba za kifahari za mfanyabiashara aliyedaiwa kodi ziliponadiwa Dar es Salaam: mzee mmoja aliyewashinda wote, na ambaye kauli yake kwamba mia tisa itapendeza ilivuma nchi nzima, hakutoa ile asilimia 25, akajikuta mikononi mwa polisi, na nyumba zikabaki bila mnunuzi. Umma uliicheka kauli ile, lakini swali lililostahili kuulizwa ni kwa nini mtu aliweza kupandisha dau la mamia ya mamilioni bila kuonyesha kwanza kwamba ana hata sehemu ya kumi ya fedha hizo.

Amana pekee nayo haitoshi kama muuzaji anaikabidhi mali kabla ya kulipwa. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilinadi kwa njia ya kompyuta leseni za masafa ya simu, na kampuni ya NextWave ikashinda kwa dau la takriban dola bilioni 4.7, ikatoa amana ya asilimia 10, ikapewa leseni, na ikaruhusiwa kulipa kilichobaki kwa mafungu ya miaka mingi. Thamani ya leseni za namna hiyo iliposhuka, kampuni iliomba kinga ya kufilisika mwaka 1998, serikali ikajaribu kuzinyang'anya leseni, na mwezi Januari 2003 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba serikali haikuwa na haki ya kufanya hivyo. Tanzania ilipata somo la upande wa pili katika korosho. Baada ya wakulima wa kusini kukataa bei za mnada mwaka 2018, serikali iliamua kununua zao lote, na Januari 2019 ikasaini mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418 kwa kampuni moja kutoka Kenya. Malipo hayakuja, na Mei mwaka huo mkataba ukavunjwa. Kwa kuwa korosho zilikuwa bado ghalani hakuna aliyetoroka nazo, lakini miezi iliyopotea haikurudi, na zao linalokaa ghalani msimu mzima hukutana sokoni na zao jipya linalolishusha bei. Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inaonyesha kwamba kuishika mali humkinga muuzaji dhidi ya wizi, amana humkinga dhidi ya kupotezewa muda, na hakuna kati ya hizo inayoweza kufanya kazi ya nyingine.

Chai imekuwa na kinga ya aina ya tatu. Mnada wa Mombasa, ambao ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia pwani mwaka 1969 na kuingia katika mfumo wa kielektroniki mwaka 2020, umetumiwa kwa miaka mingi na wauzaji wa Mufindi na Rungwe, na tangu Novemba 2023 Tanzania imekuwa na mnada wake Dar es Salaam. Wanunuzi wa chai ni wachache, wanajuana, na hurudi kila wiki, kwa hiyo anayevunja ahadi anahatarisha nafasi yake ya kununua wiki zijazo, na jina jema linakuwa sehemu ya amana. Kinga hii haiwezi kuhamishiwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wasiojuana, ambamo anayefukuzwa kwa kutolipa hurudi kesho kwa namba nyingine.

Muuzaji mdogo wa Mbeya au Iringa, asiye na ghala la leseni wala chama cha wanunuzi, analazimika kuzijenga kinga hizo kwa njia nyepesi, na ya kwanza ni kumtaka kila anayetaka kushiriki mnada atume amana ndogo kwa simu. Hata kama ni shilingi 10,000 tu, amana hiyo hufanya kazi mbili, kwa kuwa inamfunga mtoa dau na pia inaleta, katika ujumbe wa kupokea fedha, jina ambalo laini yake imesajiliwa. Na kwa kuwa laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, jina hilo lina uzito ambao picha ya wasifu haina. Walioshindwa warudishiwe amana zao siku hiyohiyo, maana kundi linalochelewesha kurudisha fedha za watu hupoteza washiriki waaminifu kwanza. Masharti yabandikwe juu ya tangazo yakiwa na saa ya kufunga, muda wa kulipa, ambao kwa bidhaa za kawaida saa 24 hadi 48 zinatosha, na kiasi kitakachopotea kwa asiyelipa.

Mnada ukishafungwa, ujumbe wa kwanza kwa mshindi uwe wa upole na wenye kila kitu: mali, bei, namba ya kulipia na saa ya mwisho. Muda ukipita, ujumbe wa pili uwe taarifa rasmi kwamba asipolipa kufikia saa fulani mali itauzwa upya na upungufu utakatwa katika amana yake. Taarifa hiyo si adabu tu, kwa sababu sheria inamruhusu muuzaji asiyelipwa kuuza upya baada ya kumjulisha mnunuzi na kumpa muda unaofaa, na muuzaji anayeruka hatua hii anaweza kujikuta yeye ndiye mvunja mkataba. Bidhaa zinazoharibika haraka zina msamaha: mwenye parachichi za Rungwe zilizokwisha kuchumwa halazimiki kungoja taarifa yake ijibiwe huku matunda yakiiva na kuoza, bali anaweza kumuuzia mwingine mara moja mnunuzi wa kwanza asipolipa ndani ya muda unaofaa.

Hatua inayowaponza wengi ni ile ya kuamini kwamba malipo yamefika. Matapeli hutunga ujumbe unaofanana na ule wa mitandao ya fedha, wenye namba ya muamala na salio jipya, na muuzaji aliyeshughulika na wateja huutazama juujuu na kuachia mzigo. Ujumbe si fedha. Kinachothibitisha malipo ni salio ambalo muuzaji amelitafuta mwenyewe kwenye menyu ya huduma yake au kwa kuuliza benki, na mzigo usiondoke kabla ya hapo hata kama mnunuzi anadai basi linaondoka. Mali inayosafirishwa kwa vifurushi vya mabasi kutoka stendi ya Nane Nane jijini Mbeya au Igumbilo mjini Iringa ilipiwe yote kabla ya kupakiwa. Na pale inapokubaliwa kwamba italipiwa ikifika, kifurushi kiandikwe jina la muuzaji kama mpokeaji, ili karani wa upande wa pili asiwe na mtu wa kumkabidhi mpaka muuzaji apige simu na kuruhusu. Kwa njia hiyo basi linakuwa ghala linalotembea, na haki ya kushikilia mali inasafiri pamoja nayo zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam.

Ikiwa mali ilikwisha kutoka na fedha hazijaja, mwenye mali hukimbilia polisi, na mara nyingi hurudi amekata tamaa, kwa sababu deni peke yake si kosa la jinai. Linakuwa jinai pale ambapo tangu mwanzo palikuwa na udanganyifu, kama vile jina la uongo au ujumbe wa malipo wa kughushi, na hapo polisi wana wajibu wa kuchunguza. Yaliyobaki ni madai, na mahali pake pa kuanzia kwa kiasi kidogo ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo inaendesha mashauri kwa Kiswahili na kumpokea mlalamikaji bila wakili. Hapo ndipo msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari unapopata maana yake kamili: tangazo la mnada, orodha ya madau na saa zake, taarifa ya kuuza upya na rekodi ya mauzo ya pili viwepo vyote, na simu yenye mazungumzo hayo ihifadhiwe yenyewe, kwa kuwa picha iliyopigwa kwenye kioo chake ni rahisi kupingwa.

Kiasi cha kudai nacho kina kipimo. Kama loti ilipata mshindi kwa shilingi 1,000,000, mshindi hakulipa, na ikauzwa upya kwa haki kwa shilingi 820,000 huku gharama za ziada zikiwa shilingi 30,000, hasara ni shilingi 210,000; ikiwa amana ilikuwa shilingi 200,000, muuzaji anabaki kudai shilingi 10,000 tu, na mwenye busara ataziacha. Hesabu hii inaonyesha ni kwa nini amana ya asilimia 20 hivi huondoa haja ya kesi katika mauzo mengi. Inaonyesha pia mpaka wa tamaa ya muuzaji, kwa sababu Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inairuhusu mahakama kutoa fidia inayostahili isiyozidi kiasi kilichotajwa kwenye mkataba, na muuzaji anayejiwekea sharti la kuchukua nusu ya bei kwa kuchelewa siku moja asitarajie hakimu amuunge mkono.

Linabaki swali ambalo halijadiliwi ipasavyo katika ushirika wa mazao, nalo ni la nani anapaswa kupokea amana iliyopotezwa na mnunuzi aliyekimbia. Fedha hiyo si faini ya serikali wala mapato ya kuendeshea ofisi. Ni fidia ya kucheleweshwa, na aliyecheleweshwa ni mkulima ambaye kilo zake zilikuwa katika loti ile. Baada ya kuondoa gharama halisi za mnada wa pili na za ghala, kilichobaki ni chake, na kinapaswa kuonekana katika mchanganuo wa malipo yake kama kinavyoonekana kila kipengele cha makato. Chama kinachoiweka amana hiyo katika mfuko wake kinajipatia faida kutokana na hasara ya mwanachama, na viongozi wa namna hiyo hawatakuwa na haraka ya kuwaondoa wanunuzi wasiolipa.

Wanachama wa AMCOS za Kyela, Rungwe na Busokelo wanayo nafasi ya kulirekebisha hili bila kusubiri sheria mpya, kwa kuwa mkutano mkuu ndio wenye mamlaka juu ya viongozi. Kabla msimu ujao haujafunguliwa, wadai kwamba masharti ya mnada yasomwe mbele yao kwa Kiswahili, kiasi cha amana na siku ya mwisho ya kulipa vikitajwa kwa tarakimu. Na msimu unapofungwa, wadai taarifa ya maandishi inayoonyesha ni loti zipi zilipata mshindi na hazikulipiwa, ni nani alizishinda, ziliuzwa tena kwa bei gani, na amana zake zimekwenda wapi.